Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Kama umekaa kwenye benchi la kituo cha afya, bahasha ya vipimo iko mapajani na vipimo vyote vinasema huna kitu, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi nimelikalia benchi hilo muda mrefu. Nilijua muuguzi yupi huita majina taratibu na yupi huyaita yakasikika hadi barabarani, na huyo wa pili nilikuwa namkwepa. Sasa nimepata nafuu ya kutosha kuandika. Aibu bado ninayo, nikikuambia imeisha nitakuwa nakudanganya, ila siku hizi inaniacha nifanye kazi zangu.

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi katika kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Kazi yangu kubwa ni kusoma geji. Mshale ukishuka najua gesi inavuja, ukipanda najua kuna mahali pameziba. Nimezoea kuamini kitu chenye mshale, na watu wanaolalamika bila kuonyesha panapouma nilikuwa nawaona wavivu. Nakuambia mapema ujue ni mtu wa namna gani aliyepatwa na ugonjwa huu.

Ulianza masika inakwisha. Utosi ulikuwa unawaka moto, moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa tu, na usingizi ukanikimbia kabisa. Nikapimwa malaria, hakuna. Wakanipa dawa ya taifodi nikaimaliza. Wakanipima presha, daktari akacheka, akasema ni nzuri kuliko yake. Halafu zikaja dawa za vidonda vya tumbo, na zenyewe nikazimeza zote. Mkanda wangu ukahitaji tundu jipya, kisha jingine, nikawa nayatoboa mwenyewe kazini kwa msumari wa moto ili mke wangu asigundue.

Mke wangu anaitwa Minza. Yeye ni Msukuma wa Magu, mimi ni Mhaya, na tunaishi Kiseke na binti yetu Koku, katika nyumba tuliyoijenga katikati ya mawe. Minza ana cherehani yake sokoni na ana macho ya fundi nguo, kwa hiyo matundu ya mkanda aliyaona siku ileile ya kwanza, ila alinyamaza. Mimi nilidhani nimemficha.

Yapo mengine yanayonitia aibu hata kuyaandika. Niliacha kuoga kila siku. Unyumba ulikufa, nikawa nasingizia uchovu, nageukia ukutani. Kiwandani nilijifungia chumba cha kompresa, kwa sababu kelele zake zinatosha kumeza kilio cha mtu mzima. Jumuiya ya kanisani ikaja nyumbani kuniombea homa isiyojulikana, wakaimba vizuri kabisa, nami nikiwa katikati yao natazama zulia na kutamani waondoke.

Wakati wa vuli senene wakaja, wale panzi wa kuliwa ambao sisi Wahaya tunawapenda kuliko nyama. Minza alikaanga sahani nzima akaniwekea mbele. Nilitafuna mmoja nikamtema.

"Mhaya anatema senene," akasema. "Baba Koku, wewe unaumwa kweli."

Alikuwa ananitania, lakini hakucheka. Nilisukuma sahani, nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe hadi chakula kikapoa.

Baada ya Krismasi nilirudi tena kituo cha afya, nikakuta watu wa chuo kikuu wameweka meza karibu na dirisha la dawa. Walitueleza shida yao waziwazi. Maswali ya kupima magonjwa ya akili waliyokuwa wakiyatumia yalitungwa mbali, yanamuuliza mtu kama ana huzuni, na watu wa huku wanajibu hapana na kurudi nyumbani na ugonjwa wao. Wao walitaka kujaribu maswali mapya, yaliyotungwa kwa maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyasema, waone kama yatawanasa waliokuwa wakipita. Watakaonaswa watatibiwa kwa vikundi vya mtaa, chini ya mhudumu wa afya waliyemfundisha, na hawatalazimika kumsubiri daktari wa hospitali kubwa. Nilikaa kwenye foleni yao kwa kuwa ilikuwa fupi. Kipimo kisicho na mshale sikukiamini.

Binti wa chuo akaniuliza: "Je, kuna wakati mawazo yanakuzidi mpaka kichwa kinawaka?"

Nilimtazama. Miezi yote hiyo nilikuwa nimepimwa damu na choo na mkojo, na hakuna aliyeniuliza hilo. Nikajibu ndiyo. Akaendelea, nami nikajibu ndiyo, ndiyo, mpaka nikaanza kuona haya kwa wingi wa ndiyo zangu. Tulipofika kwenye swali la kama nimewahi kuona afadhali nisingekuwepo duniani, nikajibu hapana kabla hajalimaliza. Yeye akaandika hapana.

"Swali la mwisho. Una ndugu anayekaa mtaani kwako? Hatupendi kuwaweka ndugu kikundi kimoja, watu wanashindwa kuzungumza."

"Sina," nikasema. "Ndugu zangu wote wako Muleba."

Sikudanganya. Mama yake Minza alikuwa anakaa mtaa uleule, upande wa chini, alikohamia baada ya kumzika mumewe. Lakini mkwe si ndugu. Mkwe ni mkwe. Mama yule alikuwa mtu wa heshima za kizamani: hatukupeana mkono, hatukula pamoja, hatukukaa chumba kimoja. Akija nyumbani, nilimwamkia kwa mbali nimeinamisha kichwa, "Shikamoo mama," naye akiitikia "Marahaba" huku anatazama kuku. Kisha mimi nilitokea mlango wa nyuma. Salamu na shida zetu zote zilipita kwa Minza. Tuliishi hivyo tangu ndoa na hakuna aliyelalamika.

Wiki iliyofuata nikaenda kwenye kikundi. Minza nilimwambia naenda kliniki ya presha. Tulikutana katika chumba cha kliniki ya wajawazito, mchana, kinapokuwa hakina kazi. Mzani wa watoto ulikuwa unaning'inia darini, na viti vimepangwa duara. Nikabisha hodi, nikaingia, nikamwona mama mkwe amekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni.

Alivuta khanga ikamfunika uso wote, akageukia ukutani. Mimi nilirudi nyuma kinyumenyume nikagonga mlango kwa kisogo. Mhudumu wetu, Dada Salome, alinifuata nje.

"Kaka, vipi tena? Mbona unatoka?"

"Nimepigiwa simu kazini. Mtambo umekufa."

Simu yangu ilikuwa mkononi, imezimwa, na aliiona.

Sikurudi. Niliwaza jambo moja tu, kwamba mama wa mke wangu anajua kuwa binti yake ameolewa na mgonjwa wa akili. Kwamba na yeye alikuwa pale kwa sababu anaumwa, hilo halikunijia kichwani hata kidogo. Naona aibu kubwa zaidi kwa hilo kuliko kwa mkanda na kuoga. Nilimwona amekaa pale na bado nikajifikiria mimi.

Nikazidiwa. Ijumaa moja nilitoka kazini nikaipita njia ya kwenda nyumbani, nikashuka hadi ziwani, kwenye mawe. Sitaeleza nilikuwa nawaza nini. Aliyewahi kukaa mahali kama pale anajua, na ambaye hajakaa sitaki nimfundishe. Jua lilikuwa bado halijazama. Chini yangu kulikuwa na mwanamke anafua blanketi zito, akaniona.

"Kaka, samahani, hebu nishikie upande huo tulikamue. Peke yangu siliwezi."

Nikashuka. Nikashika upande wangu, naye wake, tukasokota mpaka maji yakaisha. Akasema asante, akalitupia begani, akaenda zake. Mimi nikabaki na mikono inanukia sabuni, kisha nikaenda nyumbani. Kama uko mahali pale leo, usikae peke yako kusubiri mtu wa blanketi. Mpigie mtu mmoja, yeyote, umwambie uko wapi.

Siku chache baadaye Dada Salome akanipigia simu.

"Kaka, nina ujumbe wako. Mama amenieleza wewe ni mkwe wake. Anasema urudi, yeye atakaa nyuma ya pazia."

"Pazia gani?"

"Lile la kupimia wajawazito. Ameshalivuta mwenyewe."

Nikarudi. Lilikuwa pazia la kijani la magurudumu, limewekwa kwenye kona, na chini yake zilionekana ndala mbili za bluu. Nilikaa upande wa pili kabisa. Wenzetu walikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli, mwanamke muuza dagaa na wengine watatu, na hakuna aliyecheka wala kuuliza. Wote walikuwa na wakwe.

Waliohangaika ni watu wa chuo. Walikuja siku moja kutazama kikundi kinavyokwenda, wakamkuta mgonjwa mmoja yuko nyuma ya pazia. Dada Salome aliwatoa nje akawaeleza, nasi tukawasikia dirishani wakibishana kwa sauti ya chini. Mmoja anasema mmoja wetu ahamishwe, mwingine anasema vikundi vimeshapangwa kwa kura, ukimhamisha mtu unauharibu utafiti. Binti aliyeniuliza maswali alisema, "Kosa ni letu. Tuliuliza ndugu, hatukuuliza mkwe." Mama akakohoa nyuma ya pazia, akasema, "Salome, waambie sisi hatuhami. Tumeshazoea." Wakaingia wakakaa, na pazia likabaki.

Tiba yenyewe nilidhani itakuwa mahubiri, lakini ilikuwa kazi. Kila mtu alipewa kitu kidogo cha kufanya kila siku hata kama moyo hautaki. Mimi nilipewa kufua. Fundi wa kiwanda kizima, napewa kufua sare ya shule ya mtoto. Nilikasirika, nikafua. Baadaye daktari akaniongezea na vidonge vilivyonikausha kinywa nikawa natembea na chupa ya maji kila mahali. Sikupona ghafla. Masika ilipoanza tena nilishangaa siku moja kusikia mvua juu ya bati na kuiona nzuri.

Siku hiyohiyo ya mvua Dada Salome alilileta lile swali. Alisema kwenye maswali ya chuo wengi wetu tulijibu hapana, na yeye anataka tuliongelee bila kuandika. Nani amewahi kuona afadhali asingekuwepo?

Tukatazama sakafu. Nilijua jibu langu, na nilijua ndala za bluu ziko wapi. Nilisema moyoni kwamba mbele ya mama wa mke wangu neno hilo halitatoka kamwe, hata kama nitakufa nalo. Na kwa kweli hilo ndilo lililokuwa likitaka kunitokea.

Pazia likasema.

"Mimi," alisema mama mkwe. "Nilipomzika mume wangu, mtu aliyeoa binti yangu alikuwa ananiletea sukari na mchele, akivipitisha kwa mkewe. Navipokea, nashukuru, nagawa kwa majirani. Nilikuwa nimeamua kutokula. Taratibu tu, ili watu waseme ni uzee. Binti yangu hajui. Akija nilikuwa nachafua sahani kwa mchuzi ili aone nimekula."

Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayesimulia habari za shamba. Mimi ndiye niliyekuwa naipeleka sukari ile nikijiona mkwe mwema, na kumbe sikuwahi kumuuliza Minza kama mama yake anaendeleaje. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikajisikia nasema, bila kunyoosha mkono:

"Mimi nilifika kwenye mawe, ziwani."

Nikaeleza kidogo, mpaka kwenye blanketi. Kisha pazia likasema tena, taratibu:

"Salome, hebu muulize yule mtu. Leo amekula?"

Dada Salome akanigeukia. "Umekula?"

"Mwambie nimekunywa uji."

"Mwambie uji si chakula," akasema mama mkwe.

Yule mzee wa reli akaanza kucheka, muuza dagaa akafuata, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu sijui lini.

Ningependa kuishia hapo, lakini nilikuwa na mke. Mwanamke mmoja wa jumuiya alitupita tukitoka kliniki, mimi mbele, mama nyuma kwa mbali, akaenda sokoni moja kwa moja kwenye cherehani ya Minza kumpongeza kwa kuwa na mume anayempeleka mama mkwe kliniki. Jioni Minza hakupika mpaka amenisimamisha jikoni.

"Wewe na mama mnafanya nini pamoja?"

Nilimwambia ni kikundi cha tiba, na kwamba ninaumwa sonona, ugonjwa wa mawazo. Akauliza mama naye anaumwa nini. Nikasema siwezi, tumeapa ya kikundi yabaki kwenye kikundi. Akauliza mimi nilisema nini huko. Nikashindwa na hilo pia, ingawa lilikuwa langu.

"Miaka yote mimi ndiye niko katikati yenu," akasema. "Mama anasema nini, nakuletea. Wewe unasema nini, nampelekea. Mmekuja kusema la maana, mmesema bila mimi. Watu baki wa mtaani wanamjua mama yangu na mume wangu, mimi siwajui."

Alikwenda kwa mama yake, akarudi bila jibu. Tukaishi wiki nzima tukizungumza kupitia Koku. Chakula kiliwekwa mezani, kikaliwa, sahani zikaondolewa. Nilikuwa nimeanza kupona, na nyumba ndiyo ikawa inaumwa. Nilifikiri atarudi kwao.

Jumapili baada ya misa nilikuwa uani nafua sare ya Koku nilipomsikia mama mkwe akipiga hodi mbele. Kwa desturi ningetokea geti la nyuma. Sare ilikuwa imejaa povu, nikabaki nimechuchumaa penye beseni. Dirisha lilikuwa wazi. Mama alizungumza Kisukuma, polepole, na nakijua Kisukuma kiasi cha kulitambua neno la sukari na neno la sahani. Kisha nikamsikia Minza analia.

"Baba Koku," mama mkwe akaita. "Ingia."

Hakuwahi kuniita kabla ya hapo. Sikuinuka. Akarudia, kwa sauti ileile.

Nikaingia na povu mikononi. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi refu karibu na binti yake, khanga iko mabegani, ameinamia sakafu.

"Mimi yangu nimeshayasema," alisema. "Na wewe sema yako, mwanangu asikie. Sitakutazama."

Nikasema nikiwa nimesimama. Nilimwambia Minza habari za mawe. Alisikiliza bila kunikatisha, akifuta pua kwa ncha ya khanga ya mama yake.

"Siku gani?" akauliza.

"Ijumaa ile, kabla sijarudi kikundini."

"Ile uliyoingia jioni na viatu vya tope, nimetoka kupiga deki?"

"Ndiyo."

"Nilikwambia nini siku ile?"

Nikatazama povu mikononi.

"Sema."

"Ulisema nyumba hii ingekuwa safi kama nisingekuwemo."

Minza alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilitaka kumwambia halikuwa kosa lake, kwamba ni neno la mtu aliyechoka na kwamba mimi ndiye niliyemficha. Aibu niliyokuwa nimeizungusha mwaka mzima ili isimfikie, sasa ilikuwa imemfikia yeye, nami nimesimama natazama.

Mama mkwe akanyanyuka. Akapita mbele yangu bila kuniangalia, akaenda kukaa ncha nyingine ya kochi, upande wa pili wa binti yake, akaiacha wazi nafasi aliyokuwa amekalia. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikaenda nikakaa.